Mama wa Ukurasa wa Kumi na Tisa

Ndugu, jamaa, majirani, walimu, na nyinyi watoto wa shule mliofika mkiwa na kile kitabu kwapani, familia imenikabidhi mimi kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, si kwa sababu nasoma vizuri, maana miwani yangu nimeisahau melini na hii niliyovaa ni ya jirani, bali kwa sababu kila aliyeombwa kabla yangu aliitazama karatasi, akaikunja tena, akasema ana mafua. Nimeagizwa niwe mfupi, niwe na heshima, na nisifanye utani, na katika hayo matatu nitajitahidi kwa la pili.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, saa kumi na moja alfajiri, katika zahanati ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa kwanza wa karani wa mizani wa kiwanda hicho na mke wake wa kwanza, aliyekuwa akifunga pakiti katika kiwanda hicho hicho, na ambaye alifariki tarehe 2 Juni 1971 kwa homa ya mapafu, mtoto akiwa na miaka mitatu na miezi kadhaa, umri ambao mtu habaki na sura ya mama yake, anabaki na harufu tu, na ndiyo sababu dada, hadi amekuwa mtu mzima, alikuwa akinawa mikono kwa sabuni bila kuongea na mtu.

Tarehe 9 Desemba 1972 baba alioa tena, safari hii akamwoa mshona nguo wa miaka ishirini na miwili aliyekuwa akipangisha chumba nyuma ya duka la viatu, na huyo ndiye mama yangu mzazi, ndiye yule aliyekaa mstari wa mbele mwenye shali ya kijivu, na nawaomba wale watoto watatu wanaomnyooshea vidole waishushe mikono, macho yake bado ni mazima. Mimi nilifuata tarehe 3 Novemba 1973, nikiwa na kilo nne na nusu, na tangu siku hiyo sijawahi kupungua. Tuliishi wanne katika vyumba viwili vya nyumba za wafanyakazi, mlango mmoja, dirisha moja, na kufuli la nje ambalo ufunguo wake mama aliuvaa shingoni.

Kuhusu elimu, dada alianza darasa la kwanza Januari 1976 katika shule ya msingi iliyopakana na ukuta wa kiwanda, akamaliza mwaka 1982 akiwa wa nne kati ya wanafunzi hamsini na wawili, huku daftari zake za hesabu zikiwa na sura za walimu pembezoni, sura zilizofanana na wenyewe kiasi kwamba mwalimu mkuu alimchapa kwa ajili ya ile ya kwanza na kuibandika ofisini ile ya pili. Aliendelea na sekondari kuanzia 1983 hadi 1986, kisha chuo cha sanaa kuanzia 1988 hadi 1991, na katika miaka hiyo yote hakuwa na mahali pa kuchorea isipokuwa meza ya cherehani ya mama, ambayo mama alimwachia bila kuombwa, yeye mwenyewe akahamia sakafuni na cherehani ya mkono magotini, na mpaka leo mgongo wake ukiinama unabaki pale pale hadi atokee mtu wa kuuinua.

Baada ya chuo aliajiriwa tarehe 6 Januari 1992 katika kampuni ya matangazo, ambako alichora yule mtoto anayecheka kwenye pakiti ya sabuni ya unga, kisha kuanzia 1994 hadi 2002 alifanya kazi katika kiwanda cha uchapaji, akichorea vitabu vya shule, na wengi wenu mlijifunza sehemu za mwili wa ng'ombe kutoka mkononi mwake bila kujua. Hapo ndipo wenzake walipoigundua ile tabia yake iliyowachosha wote, kwamba hakuweza kuchora kitu asichokiona kwa macho, hata aombwe vipi, hata muda uwe umekwisha, kwani wenzake walikuwa na vichwa vilivyojaa watu na yeye alikuwa na jicho tu, kwa hiyo alipoambiwa achore ng'ombe alishinda machinjioni siku sita, na alipoambiwa achore mwizi alikwenda kituo cha polisi kuomba aonyeshwe mmoja, wakamwonyesha, akasema huyu hajaiba, na kweli baada ya wiki akaachiwa.

Alifunga ndoa tarehe 12 Agosti 1995 na mwalimu wa hesabu, mtu mtulivu, na walijaliwa mtoto mmoja wa kike, aliyezaliwa tarehe 30 Januari 2001, mpwa wangu, ambaye pia amekuwa mchoraji, na ambaye tangu Jumanne hadi juzi alikuwa hajatamka neno. Ndoa ilivunjika mwaka 2006, kwa sababu nitakazozieleza nikifika kwenye kitabu, na mwalimu yupo hapa leo, amekaa nyuma karibu na mlango, na kwa mujibu wa desturi yake hajasema kitu.

Sasa kitabu. Machi 2002 mchapishaji mmoja alimwita dada akamwomba aisimulie upya kwa picha ile hadithi ya zamani ambayo kila mmoja wetu alisimuliwa akiwa na meno ya utotoni, kuhusu binti aliyefiwa na mama, ambaye mama wa kambo anamfungia ndani ya chumba kitupu asije kuonekana, ndege wakampitishia nyuzi dirishani, uzi mmoja kila siku, akafuma vazi ambalo mlango wenyewe ulilionea haya ukafunguka, na yule mtoto mpendwa wa mama wa kambo, kwa tamaa, akajifungia humo na mkate wake ili naye apate vazi, ndege wakaja, akawafukuza wasile makombo yake, na alipotoka alikuwa bata. Hadithi ni fupi, mtu akiisimulia kwa haraka inakwisha kabla maji hayajachemka, lakini dada aliitengenezea kurasa thelathini na mbili, na zilimchukua miaka miwili.

Kwa kuwa hakuweza kuchora mtu asiyekuwepo, alitufanya sisi kuwa watu wa hadithi. Binti alikuwa yeye mwenyewe, kutoka picha yake ya darasa la kwanza, akijitazama kwenye kioo kwa yale ambayo picha haikuyaonyesha. Baba wa binti, yule anayekaa pembeni ya kila ukurasa na gazeti, anayeona kila kitu na hageuzi shingo, alikuwa mume wake, na mwalimu aliposhika kitabu kilichochapwa akajihesabu mara kumi na nne kwenye kona kumi na nne, alichukua mwaka mmoja na nusu kutafakari, kisha akahama. Mtoto mpendwa nilikuwa mimi. Nilikuwa likizoni kutoka melini, ninakopika, nikawekwa kwenye kigoda na mkate mkononi, nikalalamika kwamba nina miaka ishirini na tisa, akanijibu kwamba nikitafuna sizidi sita.

Na mama wa kambo alikuwa mama wa kambo. Mama aliambiwa anachorwa kwa ajili ya kitabu cha watoto, hakuambiwa kama nani, wala hakuuliza, maana kwa akili yake alikuwa yule bibi mwema anayetokea mwishoni na kubariki watu. Alikwenda kusukwa. Alivaa gauni la kijani alilolishona kwa ajili ya harusi ya dada. Kuanzia tarehe 7 Julai 2003 alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, juu ya duka la vipuri, akakaa mbele ya dirisha kuanzia saa tatu hadi saa sita, akitabasamu, na kila siku dada alichora na kufuta, akachora na kufuta, akawa anasema kwa upole kwamba bado, kwamba mikono ameipata, gauni amelipata, shingo ameipata, uso ndio bado, na mama akawa anaomba radhi, akidhani kosa ni la uso wake.

Siku ya tisa, tarehe 15 Julai, saa nne na nusu, mimi nikiwa kwenye kigoda changu hatua tatu kutoka hapo, dada alichonga penseli, akainua kichwa, akauliza kwa sauti ile ile ya kuomba chumvi:

"Mama, siku ile ulipofunga mlango, ulidhani utanikuta hai?"

Inabidi niwaeleze siku yenyewe. Tarehe 21 Aprili 1975 mimi na dada tulikuwa na surua kwa pamoja, yeye akiwa na miaka saba, mimi miezi kumi na saba, baba yuko zamu, mvua ya usiku kucha imeifunika barabara ya zahanati kwa maji ya kiunoni, na mama, peke yake, alikuwa na mgongo mmoja. Alinibeba mimi. Dada alimwekea kikombe cha maji kando ya kitanda, akamfunika, na akaamua kufunga kwa nje ili asije kutufuata akaingia majini, na kabla ya kuvuta mlango aligeuka akamtazama. Hiyo ilikuwa saa mbili asubuhi. Alirudi saa tisa alasiri na dawa ya watoto wawili, akatukuta wote wawili tuna pumzi, majirani wakamsifu, na wana haki, kwa sababu mimi hapa ninayewasomea nisingekuwepo. Lakini katika ule muda wa kugeuka, muda wa kupepesa jicho, uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyekwisha kuhesabu watoto wake akapata mmoja, na mtoto wa miaka saba mwenye homa alikuwa amelala na macho wazi.

Mama hakulia, hakusimama, ila uso ule wa mlangoni ulirudi wote mzima baada ya miaka ishirini na minane, na dada akasema, usisogee mama, akauchora kwa dakika arobaini bila kufuta hata mstari mmoja. Mimi mkate ulikuwa mdomoni. Niliutafuna ukaisha, kisha, kwa kuwa sikujua la kufanya na mikono yangu, nikaomba mwingine. Nalisema hili mapema msije mkadhani mnasomewa na shahidi mwema.

Kitabu kilitoka tarehe 18 Septemba 2004. Sitawachosha kwa kusifu picha, mnazo kwapani, ila wale wasiozijua waambiwe kwamba kila ndege katika kitabu hicho ana manyoya yake, kwamba katika ukurasa wa kumi na tisa gauni la kijani limenakshiwa ndege mia tisa kwa brashi ya nywele tatu, kwamba mwanga unaingia nyuma ya mlango ukipita katikati ya vidole vilivyoshika kufuli, na kwamba yule mwanamke ni mzuri, ni mzuri hadi mtu anausogeza ukurasa karibu, na akishausogeza ndipo anapotamani asingeusogeza. Wataalamu wameandika mengi kuhusu rangi. Mimi si mtaalamu, mimi nakaanga vitunguu baharini, lakini kwa miaka ishirini nimekiona kitabu hiki katika bandari kumi na saba, katika lugha ambazo siwezi hata kuzisalimia, kwenye mikono ya watoto wa kila aina, na wote wanafanya jambo moja. Wanawapita ndege. Wanamcheka bata, yaani mimi. Halafu wanarudi wenyewe ukurasa wa kumi na tisa, wananyamaza, wanamtazama yule mwanamke, kisha wanainua macho na kumtazama anayewasomea, wanarudi kitabuni, wanainua tena, kama mtu anayelinganisha kitambulisho na mwenye nacho. Kisha wanaomba wasomewe tena. Kila mtoto amewahi kuuona uso ule, mara moja, kwa mtu anayempenda, na hakuna mtu mzima aliyewahi kumkubalia kwamba aliuona. Dada alimkubalia. Huo ndio uzuri wa kitabu, na ni uzuri mkubwa, nami sitaupunguza leo kwa sababu ya msiba.

Gharama yake alilipa mtu mwingine. Mama alikuwa tangu 1989 msimamizi wa chumba cha kulala mchana katika shule ya chekechea, kazi aliyoipenda kuliko kushona, kuwafunika watoto arobaini mashuka na kupita kati ya magodoro hadi wa mwisho asinzie, na mwezi wa kumi na moja mwaka 2004 shule ilinunua nakala sita. Kufikia Januari hakuna mtoto aliyekubali kufumba macho yeye akiwa chumbani. Mmoja alijikojolea alipomwona anakwenda kufunga mlango kwa sababu ya upepo. Wakamhamishia stoo ya vifaa, ila stoo ilitazamana na uwanja, na tarehe 31 Machi 2006 wakamfanyia chai ya kumuaga, bila watoto. Mtaani kukawa na mchezo wa kugusa geti lake na kukimbia, wakubwa wakiwasukuma wadogo, na mama akajifunza kukaa ndani hadi kengele ya shule ilie. Nami nikirudi likizo nilimletea zawadi na hadithi za mbali, nikamsimulia kwa kujivuna jinsi katika bandari fulani muuza duka alivyotazama jalada la nyuma, nilipochorwa na mkate wangu, akanitazama mimi, akaita wenzake, wakanipa kalamu nikawasainia nakala ishirini, kila sahihi na kibata chake. Nilicheka sana nikisimulia. Mama alinimiminia chai akaniuliza kama walikuwa wameufikia ukurasa wa kumi na tisa.

Mara moja tu alimwomba dada. Ilikuwa tarehe 4 Mei 2009, kitabu kikiandaliwa kuchapwa mara ya nane, mama akapanda tena zile ngazi, akakaa, akaeleza kwa adabu, kama mteja, kwamba hataki kitu kikubwa, abadilishiwe pua tu, au awekewe alama shavuni, au mwishoni mwa kitabu uandikwe mstari mmoja kwamba aliyekaa kwa picha hii ndiye aliyemlea mchoraji. Dada alimsikiliza hadi mwisho huku akisafisha brashi. Akamwambia kwamba pua ikibadilika watoto watasinzia, na kwamba mstari kama huo ungemfungulia binti mlango kabla ya ndege kufika. Kisha akagusa ule ukurasa, akasema hivi, nami nimeyapata kwa mama mwenyewe, neno kwa neno:

"Wewe mama una miaka yako, itaisha. Huyu hana."

Mama aliteremka, akarudi nyumbani, na Jumapili iliyofuata akampelekea chakula kama kawaida.

Kuhusu ugonjwa, dada alianza kulalamika maumivu ya tumbo Desemba 2023, na tarehe 16 Januari 2024 madaktari wa hospitali kuu waligundua kuwa ni saratani ya kongosho, akalazwa wodi namba sita, kitanda cha dirishani, na tangu siku hiyo hadi mwisho aliyemuuguza ni mama, kwa miezi mitano, akilala kwenye kiti, akimgeuza, akimkata kucha, akimlisha kwa kijiko. Wauguzi wengi wa wodi ile wamekua na kile kitabu, kwa hiyo wiki ya kwanza mmoja wao, binti mzuri tu, nia yake njema, alikuwa akiionja supu kwanza kabla mama hajamlisha mgonjwa, na dada, asiyekuwa na nguvu za kukaa, alikuwa nazo za kucheka.

Mama hakuomba tena. Alisubiri. Sisi wote tulijua anasubiri nini, na dada alijua kuliko sisi, maana mwezi wa tano mhariri alimletea kitandani kurasa za toleo jipya la kutimiza miaka ishirini, akazipitia zote, akasahihisha bluu ya ndege wawili, na alipofika ule ukurasa aliushika muda mrefu hadi mama, aliyekuwa amesimama na kikombe, akakiweka chini. Dada akasema hapa hapana cha kugusa. Mama akakichukua kikombe.

Alifariki siku ya Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, saa nane mchana, akiwa na umri wa miaka hamsini na sita, miezi miwili na siku ishirini na nane, mkono wa mama ukiwa chini ya shingo yake ukimwinua anywe maji.

Hapa ndipo historia iliyopangwa ilipoishia, na yanayofuata yameongezwa kwa amri ya mama.

Jumatano wakili alitusomea wosia. Nyumba ameachiwa binti yake, brashi na meza chuo cha sanaa, mimi nimeachiwa picha halisi ya bata, na mama ameachiwa picha halisi ya ukurasa wa kumi na tisa pamoja na haki zote juu yake, afanye atakavyo, bila barua, bila salamu. Tulibishana hadi jioni kama huko ni kuomba msamaha au ni tusi la mwisho, na mwalimu wa hesabu alipoulizwa, kwa kuwa aliishi naye, alisema hajui.

Alhamisi mhariri alifika sebuleni kwetu na jasho, kwa sababu mitambo inaanza kuchapa mwezi ujao. Mama akamuuliza, nikisema uso wangu utoke, utatoka? Akasema utatoka, sheria ndiyo hiyo, ila kitabaki kitabu chenye mlango na gauni lisilo na mtu, kwa hiyo labda, kwa ruhusa yake, wachoraji wa ofisini wabuni sura tu, ya mtu asiyekuwepo. Mama akakataa, akasema kwamba marehemu hakuwahi kuchora mtu asiyekuwepo na hawezi kuanza kufanyiwa hivyo leo. Akavuta shali.

"Mwekeni yeye."

Mhariri alicheka, kisha akautazama uso wa mama, akaacha. Mimi nilimfuata mama jikoni, alikokwenda kuosha vikombe, nikafunga bomba, nikamsihi kwa kila jina ninalomwita, kwamba huyu hajazikwa, kwamba ana binti pale sebuleni, kwamba watu watasema alisubiri mtu afe. Alinisikiliza kama alivyokuwa akinisikiliza nikiwa mdogo na uongo wangu umejaa makombo. Akasema, "Watasema mimi ni mama wa kambo. Wameshasema miaka ishirini." Akafungua bomba, akaendelea kuosha vikombe.

Tumaini la mhariri lilikuwa moja, kwamba hakuna aliye hai mwenye mkono wa kuingia katika ukurasa ule bila kuuharibu, na alilitoa kwa huzuni nzuri ya kitaaluma, akitikisa kichwa. Ndipo mpwa wangu, ambaye alikuwa hajatamka neno tangu Jumanne, akasema kutoka kwenye kiti cha pembeni, "Nitachora mimi, bibi." Mhariri akasema basi atafutiwe picha nzuri ya marehemu ya kuangalia. Mpwa wangu akasema haihitaji. "Ile sura naijua."

Hakuna aliyemuuliza aliiona lini. Baba yake alitazama viatu vyake.

Alijifungia na karatasi ile Alhamisi na Ijumaa, na rangi mnayoiona kwenye kucha zake ni ya huko, na leo asubuhi, kabla hatujatoka kuja hapa, aliiweka juu ya meza ya chakula. Ndege hajawagusa, wala gauni, wala kufuli, uso tu. Nilisogea kuitazama, kisha nikarudi nyuma hatua moja, mimi mwenye kilo mia na nane. Ni nzuri kuliko ya kwanza. Mama alivaa miwani, akainama, mgongo ukabakia pale pale, nami nikasubiri aseme kitu kama mtu aliyelipwa haki yake baada ya miaka ishirini. Alisema, mwanangu alikuwa amechoka. Akasema hivyo mara mbili. Nikamshika mabega nikamnyoosha, akaomba kalamu, akatia sahihi kwenye ruhusa ya mhariri.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba sita, pamoja na yule aliyeonja supu, ambaye namwambia kwamba haikuwa na kitu ila chumvi ilizidi, nawashukuru majirani kwa viti, maji na turubai, na wazazi wa mtaa wetu ambao kuanzia leo watawashika watoto wao mbali na geti la mama yangu, wafanyakazi wenzake wa kiwanda cha uchapaji, walimu wa chuo cha sanaa, mhariri, ambaye amekuja ingawa hajalala, na mwalimu wa hesabu kwa kufika. Wale wenye toleo la zamani litunzeni, halitachapwa tena. Nakuja pia kwako, dada, uliyeniweka juu ya kigoda ukanipa mkate, nikala, na sijawahi kukuuliza kama siku ile ya mvua uliyanywa yale maji ya kwenye kikombe. Nilikupenda na nilikuogopa, na sasa nitazidisha vyote viwili.

Pumzika kwa amani, walau mpaka mwezi wa tisa, kitabu kitakapotoka.